Kabati la Mabanzi Lililonirudisha Nyumbani

Mimi ni dereva mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu imepita nyuma ya usukani wa malori ya mbao, nikipakia Mafinga, mkoani Iringa, na kushusha Dar es Salaam. Leo natoa ushuhuda wa kabati dogo la kuhifadhia viazi, nililolitengeneza kwa mikono yangu kutokana na mabanzi yaliyokuwa yakisubiri kuchomwa moto, na jinsi lilivyobadili maisha yangu na ya mke wangu. Naongea hasa na wanaume wenzangu waliomaliza kazi, wamerudi nyumbani, na asubuhi ikifika hawajui siku waianzie wapi.

Kwa asiyeifahamu Mafinga, ni mji wa mbao. Uko Wilaya ya Mufindi, kilomita 80 hivi kutoka Iringa mjini, kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia. Jirani yetu ni shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali hapa nchini, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Huko misindano imesimama mistari kwa mistari hadi macho yanachoka, na hapa na pale mikaratusi. Huku mjini na vijijini zinanguruma mashine za kupasulia magogo, zikiwemo zile ndogo tunazoziita dingdong.

Gogo linapoingizwa kwenye msumeno, kipande cha kwanza kutoka ni ule ubavu wake wa nje. Upande mmoja una gamba na mviringo, upande wa pili ni bapa. Hilo ndilo banzi. Mashine inatafuta mbao za mbili kwa nne, moja kwa sita na moja kwa nane. Banzi halina soko Dar es Salaam, kwa hiyo linatupwa pembeni. Mengine yanauzwa kuni, mengine yanajenga mabanda ya ng'ombe na nguruwe, na mengine yanachomwa papo hapo pamoja na vumbi la mbao. Ukipita Mafinga asubuhi ya Juni au Julai, wakati wa baridi kali, utaukuta moshi huo umetanda chini chini kama hautaki kuondoka.

Mimi nilipakia mbao safi na kuyapita marundo hayo. Nilijua bei ya mbao kwa futi, nilijua mzigo ufungwe vipi ili usicheze kwenye kona za mlima Kitonga, nilijua kila mzani wa njiani. Nikirudi na gari tupu, nilisimama Ruaha Mbuyuni, kwenye lile bonde la vitunguu, nikachukua vya nyumbani. Viazi mviringo sikuhangaika kuvitafuta, maana Mufindi na Njombe ndiko vinakolimwa. Nikifika nyumbani nilishusha kiroba cha viazi na mfuko wa vitunguu mlangoni mwa jiko, nikanawa, nikaenda kukaa sebuleni. Huo ndio ulikuwa mpaka wangu. Nimelelewa hivyo, na baba yangu alilelewa hivyo: mwanamume analeta, mama anapokea, na ndani ya jiko hakumhusu.

Macho yalipoanza kunisumbua usiku, nilimkabidhi tajiri funguo za gari nikarudi nyumbani moja kwa moja. Wastaafu wenzangu watanielewa nikisema kwamba nilikuwa mgeni kwangu. Watoto wamekwishaoa na kuolewa. Mke wangu ana ratiba yake iliyokomaa bila mimi. Nilikaa barazani, nikasikiliza redio, nikaenda kijiweni, nikarudi, na jua bado liko juu.

Kutoka barazani kwetu mlango wa jiko unaonekana. Ni jiko la nje, la matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, lenye dirisha moja dogo. Hapo ndipo nilipoanza kuona. Viazi vilikuwa katika kiroba, chini, kwenye kona. Kila mara mke wangu alipotaka kupika, aliinama mpaka chini, mkono mmoja kiunoni, mkono wa pili ndani ya kiroba hadi kwenye bega. Siku nyingine alikimwaga kiroba chote sakafuni na kuanza kuchambua. Kiazi kimoja kikioza ndani ya kiroba, kinatoa maji meusi na harufu isiyovumilika, na yale maji yanavishukia vilivyo chini. Alivitenga: vya kupika huku, vilivyochipua huku, vilivyooza kwenye ndoo ya nguruwe. Kisha akavirudisha vizima, akafagia, akapiga deki, ndipo akawasha moto. Kazi hiyo ilikuwepo miaka yote niliyokuwa barabarani.

Nilimwambia, "Mama, nataka nikutengenezee kabati la jikoni."

Akaniangalia. "La kuweka nini, baba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na picha ya kabati kichwani, lenye milango miwili na vioo, kama yale niliyoyaona kwenye maduka ya samani ya Keko, Dar es Salaam. Akasema, "Kabati la vyombo ninalo. Ukitaka kunisaidia, njoo ukae humu uone."

Nikaingia, nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alikuwa anapika maharage, mimi nikiwa na daftari na peni, namuuliza na kuandika. Anachukua nini kila siku? Viazi na vitunguu. Nini kinaharibika zaidi? Viazi. Anapenda mkono wake ufikie wapi bila kuinama? Akasimama wima, akaacha mkono uning'inie, akakunja kidogo kiwiko. Nikapima kutoka sakafuni hadi kiganjani kwake. Kipimo hicho ndicho kilichotengeneza kabati lote. Hakikuwa kipimo cha duka.

Nikamwambia tatizo ninaloliona: nikitengeneza sanduku refu, viazi vipya vitamwagwa juu ya vya zamani, na vya zamani vitaozea chini kama kwenye kiroba. Hapo alichukua ungo wenye maharage ya kesho, akauinamisha kidogo mbele yangu. Maharage yakaja yenyewe ukingoni. "Sakafu ya sanduku usiilaze," akasema. "Iinamishe hivi. Nikitoa kimoja mbele, cha nyuma kinashuka." Nimesikia mafundi wengi wakieleza michoro yao, na sijasikia maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Kwa ubunifu ule, kabati hili ni la mke wangu. Mimi nilipiga misumari.

Nikaenda pia kwa afisa ugani wa kata yetu kumuuliza viazi vinataka nini. Alinieleza vizuri. Kiazi kilichovunwa bado ni kitu hai, kinapumua na kutoa unyevu, kwa hiyo kinahitaji hewa ipite. Kinahitaji giza pia. Kikipigwa na mwanga kinageuka kijani, na pamoja na ile rangi hujenga sumu iitwayo solanini, ambayo ni chungu na haiondoki kwa kuchemsha. Kisioshwe kabla ya kuhifadhiwa, maana maji yanaleta kuoza. Vitunguu navyo vinataka ukavu na upepo, kwa hiyo visikae sanduku moja na viazi, kwa sababu unyevu wa viazi unaviozesha na kuvichipusha. Mke wangu alipozisikia habari hizo alisema la vitunguu alikuwa akilijua kwa macho, ila hakuwa na mahali pengine pa kuviweka.

Basi nikaenda kwenye marundo. Vijana wa mashine wananifahamu, walidhani natafuta kuni. Nikaanza kuchagua banzi moja moja, na hapo nikajifunza kuutazama mti upya. Banzi zuri ni lile lenye unene wa kutosha chini ya gamba, lisilo na fundo kubwa katikati, lililonyooka ukilifumba jicho moja na kulitazama kwa urefu wake. Nilipata pia vipande vya mwisho wa mbao za mbili kwa mbili, vifupi mno kuuzwa lakini virefu vya kutosha kuwa miguu. Mabanzi yenye madoa ya bluu sikuyakataa, kwani ule ni ukungu wa msindano mbichi unaoharibu sura zaidi kuliko nguvu.

Kuna mbao moja ambayo nakuomba, ndugu msomaji, usiiguse kwa kazi ya jikoni. Hapa kwetu kuna viwanda vinavyotia dawa nguzo za umeme, na vipande vyake huzagaa. Utavitambua kwa rangi inayoelekea kijani. Dawa inayotumika sana kwa nguzo za namna hiyo ina shaba, kromi na arseniki. Inazuia mchwa kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyohiyo haifai kukaa na chakula, wala haifai kuwa kuni. Kama uko Dar es Salaam au Mombasa na unatumia mapaleti ya bandarini, tazama muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromidi, hiyo iache. Na paleti lenye doa la mafuta au kemikali liache hata kama lina muhuri mzuri.

Fundi seremala wa mtaani kwetu, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, alikubali kunifundisha. Mbao mbichi, aliniambia, haipigiliwi msumari. Msindano ukikauka unasinyaa kwa upana wake, misumari inalegea na kabati linacheza. Nikayapanga mabanzi kivulini, chini ya paa, nikiweka vijiti kati ya tabaka na tabaka ili upepo upite. Nikayaacha mpaka yakawa mepesi mkononi, na ukiligonga moja kwa kidole kilichokunjwa linatoa mlio mkavu. Kwa mtu aliyezoea kukimbizana na foleni ya mzani, kungoja huku kulikuwa somo peke yake. Mbao haikubembelezi wala haikimbizwi.

Yalipokauka, nikayabandua magamba kwa panga, nikayapiga randa upande wa mviringo hadi yakawa bapa. Ninaikumbuka harufu ya maranda yale, ya utomvu mtamu mtamu, na namna yalivyojikunja juu ya kidole gumba. Maisha yangu yote nilibeba mbao za msindano, na siku ile ndipo nilipoona mistari yake ya ndani, mwembamba wa rangi ya kahawia, mpana wa rangi ya maziwa, msimu baada ya msimu. Msindano katika shamba la Serikali unaweza kuachwa hadi miaka 25 kabla ya kuvunwa. Ubavu wa mti wa umri huo tulikuwa tunauchoma kwa dakika chache.

Kabati lenyewe ni rahisi, na yeyote anaweza kulitengeneza kwa msumeno, nyundo, randa, keekee, tepu na kipande cha msasa. Miguu minne ya mbili kwa mbili, kila mmoja una urefu wa mita 1. Upana ni sentimita 60, kina sentimita 40. Ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto na mbele nimeziba kwa mbao zilizobanana, ili mwanga usiingie. Sakafu na mgongo ni fito zenye nafasi ya sentimita 1 kati ya moja na nyingine, hewa ipite. Sakafu imeinama: mbele iko sentimita 45 kutoka chini, nyuma imenyanyuka sentimita 20 zaidi. Mbele chini nimeacha mdomo wa kuingiza mkono, wenye kizuizi cha kuvishika viazi visimwagike, na kipande cha mbao kinachoning'inia kuuziba. Juu kuna mfuniko wa kumiminia viazi vipya. Bawaba za mfuniko na za kile kipande nilizikata kwenye tyubu kuukuu ya tairi la lori. Hilo ni deni langu kwa kazi yangu ya zamani.

Fundi alinifundisha mambo matatu ambayo nayatoa hapa bure. Kwanza, msumari uwe na urefu mara mbili hadi tatu ya unene wa mbao unayoishika. Mbao ya inchi moja inataka msumari wa inchi mbili na nusu hivi. Pili, karibu na mwisho wa mbao toboa kwanza kwa keekee nyembamba, au igonge ncha ya msumari iwe butu kidogo, maana ncha kali inaitanua mbao na kuipasua, ilhali butu inavunja nyuzi na kupita. Tatu, kabla ya kupigilia mgongo, pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, kisha kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kabati limekaa mraba. Visipolingana, lisukume mpaka vilingane, ndipo upigilie.

Ndani sikupaka kitu. Kwa mbao inayogusana na chakula, msasa mzuri unatosha, ili kusiwe na vibanzi vya kuchoma mkono. Chini ya kila mguu niliweka kipande cha kigae, mguu usinyonye unyevu wa sakafu na mchwa wasipate njia ya kificho. Fito zilizobaki nikazigeuza trei pana ya vitunguu, nikaitundika kwa kamba kwenye ukuta wa pili, karibu na dirisha, mahali upepo unapopita.

Siku tulipoliingiza jikoni, mke wangu alimimina debe la viazi juu. Tukavisikia vikiteremka. Akanyoosha mkono, bila kuinama, akatoa kimoja, akakishika akikitazama. Kisha akachukua kisu, akavuta kigoda cha pili, akanipa kisu kingine. Tukamenya pamoja. Tangu hapo ndiyo saa yetu ya kuzungumza. Nimemfahamu mke wangu zaidi kwenye vigoda vile kuliko katika miaka yote ya kuondoka alfajiri na kurudi usiku, na namshukuru Mungu kwa kunipa muda huo tukiwa bado na afya.

Mabadiliko yalianza kwa viazi. Ndoo ya nguruwe haipati tena viazi vilivyooza kama zamani, kwa sababu vya zamani vinatoka kwanza na hewa inapita. Kiuno cha mke wangu kinapumzika. Chini ya kabati, kwenye ile nafasi ya sentimita 45, ameweka masufuria makubwa yaliyokuwa yakikaa juu ya viroba. Kisha mabadiliko yakanifikia mimi. Sisubiri tena siku ijipoteze. Nina meza ya kazi nyuma ya nyumba, wajukuu wakija likizo wananiamkia shikamoo huku wameshashika msasa, na ninajua chumvi ya nyumba hii inakaa wapi.

Wanaume wa mtaani wamekuja, mmoja mmoja, wakitaka niwatengenezee la kwao. Siwatengenezei, nawafundisha, na nina sharti moja: arudi kwanza nyumbani, aingie jikoni, akae, amuulize anayepika anataka nini na mkono wake unafikia wapi. Aliyeleta vipimo hivyo ndiye ninayempa randa. Mmoja alirudi akaniambia mke wake hahitaji kabati la viazi hata kidogo, anahitaji kibao cha ukutani cha kuwekea viungo mbali na mvuke wa sufuria. Huyo amejifunza kabla hajakata mbao yoyote.

Nakuomba basi, ndugu yangu, usingoje upate pesa ya mninga wala ya fundi mkubwa. Ulipo, mabaki ya mbao yapo: mabanzi, mapaleti safi, vipande vya chini ya meza ya seremala, fremu ya mlango wa zamani. Omba, utapewa, au utauziwa kwa bei ya kuni. Kausha, pima, toboa, pigilia. Lakini kabla ya hayo yote ingia jikoni kwako, vuta kigoda, na umuulize anayekupikia. Anza na swali hilo leo jioni.